Barua kwa Baba kutoka Barcelona

Shikamoo Baba,

Huku tuko salama. Pesa ya dawa za Mama nimeshatuma, akiipata anijulishe.

Ulitaka nikuandikie habari za yule Camillo Berneri, maana simu ilikuwa inakatikakatika. Baba, huyu alikuwa mwalimu mwenzio, akifundisha falsafa sekondari huko Italia. Alikuwa anakisti, hakukubali mtu awe bwana wa mwenzake. Dikteta Mussolini alipoibana nchi, mwaka 1926 akakimbilia Ufaransa. Mkewe, Giovanna Caleffi, akamfuata na mabinti wao wawili, akafungua duka dogo la vyakula Paris ili watoto wale. Mume akawa mtu wa kukamatwa na kufukuzwa: Ufaransa wamtoe, Ubelgiji nao wamtimue. Mimi niliyepanga foleni ya kibali cha kuishi, nikisoma hayo tumbo linanikata.

Vita vya Hispania vilipoanza 1936 alikuja huku, akapigana kwenye kilima cha Monte Pelato ingawa masikio yake yalikuwa mazito. Kisha akaanzisha gazeti, Guerra di Classe. Hapo ndipo aliponishika moyo. Franco, jenerali aliyeiasi serikali ya Jamhuri ya Hispania, alikuwa amevusha askari wa Moroko, vijana wa Kiafrika waliopiganishwa vita visivyo vyao. Berneri akaandika kwamba Jamhuri iwape Wamoroko kujitawala, Franco apoteze ngome yake. Serikali haikuthubutu, iliogopa kuwaudhi Waingereza na Wafaransa wenye makoloni yao. Mtu asiye na pa kulaza ubavu anawadai wenzake uhuru wa Waafrika, na wenye serikali kimya! Nilimkumbuka Babu, alivyopelekwa Burma kumpigania Mwingereza.

Tarehe 5 Mei 1937 polisi na watu waliofunga vitambaa vyekundu mkononi walimtoa nyumbani Plaça de l'Àngel, yeye na Francesco Barbieri. Maiti zao ziliokotwa mitaani, zimepigwa risasi. Alikuwa na miaka 39. Lawama hazikumwangukia Franco, bali wakomunisti wa upande uleule wa Jamhuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Uwanja huo uko palepale kituo cha metro cha Jaume I, napapita nikienda kazini.

Giovanna baadaye alifungwa na Wajerumani, akarudishwa Italia, akahukumiwa tena. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha akashika kalamu na kuchapisha jarida la Volontà. Hakukubali wamnyamazishe.

Baba, wasomee barua hii wale walimu wastaafu wa hapo barazani. Kisha niandikie Babu alisimulia nini kuhusu Burma, yote unayoyakumbuka, maana mimi nilikuwa mdogo.

Mwanao,
Zainabu