Kwa Mwalimu, kuhusu ile pete

Malindi,
Januari 2025

Mwalimu, swahibu yangu,

Salamu sana. Huku sote wazima, ila joto la kaskazi linatupika na stima inapotea kila magharibi. Ujumbe wako, kwamba ile pete ya chuma imetoka kwa viumbe wa sayari nyingine, nimeusoma mara tatu. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu vidole vyangu vimezoea bisibisi, havipatani na vile vitufe vya simu.

Kwa hiyo pete imeangukia kwenu Makueni! Chuma cha kilo 500 hivi, upana mita mbili na nusu, kinashuka Mukuku mchana kweupe tarehe 30 Desemba. Hata mimi ningekimbia kwenda kuangalia. Lakini Shirika la Anga za Juu la Kenya liliposema ni kipande cha roketi, wewe ukaniandikia: "Wangesemaje lingine?" Hapo uliniudhi kidogo. Kwa hoja hiyo hakuna jibu litakalokutosha maisha. Wakikiri, umeshinda, wakikana, wanaficha. Hata mganga huacha upenyo wa kukamatwa.

Usinitie kwenye kundi la wanaosema huko juu hakuna kitu. Wewe wajua nilivyolelewa. Bibi akiona kimondo kinakata anga alituambia malaika wamemvurumishia shetani aliyekwenda kudukiza habari za mbinguni, nasi tukageukia upande wa pili tukalala. Watu wa pwani hatujapata kujiona wapweke. Majini wapo, wana akili, wana dini zao, wanaoa na kuolewa, na kwa yanayosimuliwa wengine ni wapangaji wakorofi kuliko binadamu. Kila siku katika sala tunamsifu Mola wa walimwengu, kwa wingi. Basi kuamini hakunipi tabu. Wanaonipa tabu ni mashahidi.

Nimeshika redio miaka mingi, na karibu kila sauti ya ajabu niliyoletewa ilikuwa inatoka nyumba ya pili. Mama mmoja aliniletea redio ya marehemu mumewe: kila saa tatu usiku inaguna kama mtu mzima. Ilikuwa imeshasomewa, na ubani umeshachomwa. Nikaifungua, mzima wa afya. Nikamfuata kwake usiku nikakaa barazani nikisubiri. Saa tatu ikafika, ikaguna kweli, nywele zikanisimama. Kumbe jirani yake alikuwa na chaja ya bei rahisi, akirudi kazini anachomeka simu. Tukamwomba achomoe, jini likahama.

Ndiyo maana kisa cha Parkes nakipenda kama nilichokitunga mwenyewe. Hapo Parkes, kule Australia, wana darubini ya redio, ile isiyotazama bali inasikiliza mawimbi ya angani, sahani yake ina upana wa mita 64, na kwa miaka mingi ilikuwa inanasa milio mifupi isiyoeleweka. Mwaka 2015 wakampata mkosaji. Ni ile oveni ya maikrowevu ya kupashia chakula hapo hapo kituoni: mtu ana njaa, hasubiri muda uishe, anafungua mlango, na oveni inavujisha mpigo wa mwisho wa mawimbi yake. Wataalamu wenye shahada zao walikuwa wanasikiliza chakula chao cha mchana! Nao ndio waliofuatilia mpaka jikoni kwao wenyewe, na kwa hilo nawavulia kofia.

Lakini ipo moja inayoninyima usingizi, nayo sikufichi. Tarehe 15 Agosti 1977, kule Ohio, Marekani, darubini iliyoitwa Big Ear ilinasa wimbi kali kwa sekunde 72. Mtaalamu wa nyota Jerry Ehman alipopitia karatasi za kompyuta siku chache baadaye, alizungushia zile herufi na tarakimu za nguvu ya wimbi wino mwekundu akaandika pembeni "Wow!" Sisi tungeandika "Lo!" Sasa sikiliza kama fundi. Darubini ile ilikuwa haizunguki kufuata nyota. Dunia ndiyo iliyokuwa inaizungusha. Kitu kilichotulia mbali angani kingepita mbele yake kwa muda huo huo, kikipanda, kikifika kilele, kikishuka. Na hili lilipanda, likafika kilele, likashuka. Chaja ya jirani haifanyi hivyo. Wakarudi kulitafuta mara nyingi, na halijasikika tena hadi leo. Darubini yenyewe ilibomolewa mwaka 1998, pale mahali pakapanuliwa uwanja wa gofu. Gofu, Mwalimu!

Hata hivyo wimbi la mara moja silitozi pesa. Mteja akiniambia redio yake ilikoroma mara moja mwaka juzi, namrudishia na redio yake.

Wala mpigo unaojirudia hautoshi. Marehemu baba yangu alikuwa baharini upande wa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano waliporusha roketi pale San Marco, jukwaa lao la baharini, ikiwa na setilaiti ya Wamarekani. Waliiita Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku yetu. Alisimulia ule mkia wa moshi hadi anazeeka, kila mwaka ukirefuka. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyorushwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, na ilikuta kitu kinachopiga kila baada ya sekunde 4.8, sawasawa kama moyo. Ukisikia hivyo utasema yupo anayebisha hodi. Ni nyota iliyokufa inayojizungusha, inamnyonya mwenzake gesi.

Najua utanirushia wale watoto wa Ruwa, Zimbabwe. Wanafunzi 62, tarehe 16 Septemba 1994, walimu wakiwa mkutanoni, wakasema wameona chombo na viumbe wenye macho makubwa nje ya uwanja wa shule. Utasema mtoto wa miaka tisa hawezi kupanga uongo na wenzake sitini, nami nakubali. Lakini siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalikuwa yamewaka juu ya kusini mwa Afrika, na watu wazima hawakuwa na habari nyingine mdomoni. Wewe umesahihisha insha. Darasa zima lilikwenda msituni, kijana mmoja mwenye ulimi akaanza kusimulia nyoka ndani ya basi. Asubuhi ulisoma nyoka wangapi? Siwaiti waongo, maana wapo ambao sasa ni watu wazima na hawajabadilisha neno. Ningekuwa na uwezo ningewauliza mmoja mmoja, kabla hawajakutana na mwenzao.

Haya, tuirudie pete yako. Umenipa kurasa mbili za hisia zako, na vile ng'ombe walivyonyamaza, ila hukuniambia nilichotaka kujua. Ulipoikaribia, ilikuwa na matundu kwenye ukingo? Yamepangwa kwa umbali sawa? Uliona alama ya bolti au lehemu? Kama ulipiga picha, nitumie ya karibu, ile usiyosimama wewe mbele yake.

Nisalimie mama watoto. Chaja uliyoniachia kurekebisha ni mbovu kabisa, usiidai.

Wako,
Fundi