Mgonjwa wa saratani ya mapafu aambiwe kuhusu utafiti kabla ya dripu ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Mjomba wangu hakuwahi kuvuta sigara. Alipoanza kukohoa na kukonda aliandikiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonekana na vimelea, naye akazimeza miezi 6 bila kuruka siku. Kikohozi hakikuondoka. Kipimo cha CT ndicho kilichoonyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, na kinyama kilipochukuliwa na kupelekwa maabara, majibu yakaja kuwa ni saratani.

Habari ya kikohozi kudhaniwa TB wasomaji wako wengi wanaijua, wengine imewakuta nyumbani kwao. Mimi naandika kwa ajili ya yaliyotokea baada ya majibu. Hospitali ilimwanzishia tibakemikali, yaani dawa za saratani zinazoingizwa mwilini kwa dripu, upesi, tukashukuru. Alipokwisha kupata dripu ya pili, binamu yangu aliyekuwa akihangaika usiku kucha kwenye intaneti akaona utafiti wa dawa mpya unaopokea wagonjwa wa saratani ya aina ile ile. Tukaandika. Walitujibu kwa upole kabisa: wanahitaji mgonjwa ambaye hajaanza matibabu yoyote. Tukauliza kama kuna mwingine kwa waliokwisha kuanza. Upo, wakasema, lakini lazima kinyama kipimwe jeni. Kilichobaki maabara hakikutosha, na kuchukua kingine mjomba hakuwa na nguvu tena. Tulimzika Februari.

Huenda asingepona hata angeingia. Lakini mlango ulikuwepo, ukafungwa na dripu ya kwanza, na hakuna aliyetuambia kwamba upo.

Najua neno "majaribio" linatisha. Mkewe mjomba alisema wazi, "Mume wangu hafanyiwi majaribio," na sikumlaumu. Ningetamani wakati ule niwe najua ninayoyajua sasa, nikae naye mkekani nimweleze. Utafiti wa dawa una hatua. Ule wa mwanzo hutafuta kipimo cha dawa ambacho mwili unakihimili, na huko hatari ni kubwa zaidi. Ule wa hatua ya 3 hulinganisha dawa mpya na tiba inayotumika sasa. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, na kwa kawaida, penye tiba iliyokwisha kuthibitishwa, asiyepata dawa mpya hupewa tiba hiyo, haachwi mikono mitupu. Mgonjwa husomewa maelezo kwa lugha anayoielewa ndipo aweke saini, na akitaka kujitoa kesho anajitoa, anaendelea na matibabu ya kawaida. Kanuni hizi zina msingi wake katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964. Hapa kwetu utafiti wa dawa lazima upite NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa upande wa maadili na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa upande wa dawa yenyewe. Usumbufu upo pia: damu hutolewa mara nyingi, safari za hospitali huongezeka, na madhara mengine ya dawa hayajulikani bado. Yote hayo mgonjwa ana haki ya kuyapima mwenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo sisi Waafrika tunaikosa tukibaki nje. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao IPASS, uliofanyika Asia ya Mashariki kwa wagonjwa 1,217, wengi wao watu wasiowahi kuvuta sigara, kama mjomba. Ulilinganisha kidonge cha gefitinib na tibakemikali. Wale ambao saratani yao ilikuwa na mabadiliko katika jeni ya EGFR, inayohusika na ukuaji wa seli, kidonge kiliwafaa zaidi. Wasio nayo tibakemikali ikawa bora kwao. Kati ya wagonjwa 437 ambao vinyama vyao vilipimika, 261 walikuwa na mabadiliko hayo. Waasia wale walijua jambo hilo kuhusu miili yao kwa sababu walikubali kuingia. Sisi tutajuaje yaliyomo katika mapafu yetu?

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani leo, nasema hivi. Siku ya majibu, kabla hamjapanga tarehe ya dripu, muulizeni daktari ni saratani ya aina gani, iko hatua gani, na kama kinyama kinaweza kupimwa jeni. Ombeni nakala ya majibu, na ombeni kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kisitupwe. Kisha tafuteni. Tovuti ya ClinicalTrials.gov ni ya bure, na ipo pia Rejista ya Majaribio ya Tiba ya Afrika, PACTR. Msitafute Tanzania peke yake. Angalieni Kenya na Afrika Kusini, mkichagua tafiti ambazo bado zinapokea wagonjwa. Kila utafiti una namba yake, na ile ya tovuti ya kwanza huanza na herufi NCT. Namba peke yake haithibitishi kwamba utafiti ni salama, kwa hiyo ulizeni na kibali cha NIMR na TMDA, au cha mamlaka za nchi husika. Ulizeni nauli na malazi analipa nani, maana kutoka Muheza hadi Dar es Salaam na kurudi, kila baada ya wiki 3, kunaweza kummaliza mtu kabla ya ugonjwa. Na anayewadai fedha ili amwingize mgonjwa wenu, mkimbieni.

Msichelewe. Tafiti nyingi hutaka mgonjwa anayetembea na kujihudumia mwenyewe. Nguvu hizo saratani ya mapafu huziondoa haraka mno.

Lakini, Ndugu Mhariri, si haki kazi hii yote kumwachia mpwa mwenye simu. Tovuti zile ni za Kiingereza kigumu, na mama wa kijijini hana binamu wa kumsomea. Naziomba hospitali zote zinazotibu saratani, kuanzia Ocean Road ya Dar es Salaam hadi za kanda, zibandike karatasi moja ya Kiswahili kwenye mlango wa kliniki: tafiti zinazopokea wagonjwa, nani anafaa, na dirisha la kuulizia. Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba swali la utafiti liulizwe siku ya majibu na liandikwe kwenye faili.

Daftari la mjomba bado ninalo. Kuna mstari wenye tarehe ya majibu, na chini yake mstari wenye tarehe ya dripu ya kwanza. Kati ya tarehe hizo zilipita siku 12.

Mpwa wa marehemu,
Muheza, Tanga