Barua kwa Mwanaidi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Daktari kasema bipola, ugonjwa huu wa hisia kupanda mno na kushuka mno, shangazi yako kasema umerogwa. Mwache shangazi asome dua zake, hazigombani na vidonge. Mimi ninaouugua pia, acha nikwambie nilichokosa wa kuniambia.

Siku za sonona kila mtu anaziona. Huogi, huli, majirani wanaleta uji. Wewe chunga zile siku nzuri. Mara ya kwanza nilipopanda sikulala siku nne, na uchovu sina! Saa tisa usiku niko sebuleni na kanga moja, napaka ukuta rangi ya kijani huku naimba. Wiki ileile nikachukua pesa ya mchezo, na zamu haikuwa yangu, nikanunua majora matano ya vitenge eti nikauze Korogwe. Nilijiona mjanja kuliko mtaa mzima. Deni nililipa mwaka mzima. Ukuta mpaka leo ni kijani nusu.

Ndiyo maana nina daftari la shule kando ya kitanda. Kila asubuhi naandika nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, basi. Usiku mmoja mbovu nauacha upite. Ukifuata wa pili na bado najiona nina nguvu za punda, nampigia dada, tunakwenda kliniki bila kungoja tarehe. Namba ya siri ya pesa za simu anayo yeye, mimi sina. Nilinuna mwanzoni.

Hiyo litiamu uliyopewa ni chumvi ya madini, daktari mmoja wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Kiasi kinachotibu na kinachodhuru viko jirani sana, kwa hiyo damu wanayokutoa si usumbufu. Nenda masaa 12 baada ya dozi ya usiku, na ya asubuhi, kama unayo, usiimeze kwanza. Maji kunywa, chumvi ya chakula usiikate ghafla. Na zile dawa za mgongo unazonunua dukani, ibuprofen na diklofenaki, ziache mpaka umuulize daktari, maana zinaipandisha litiamu mwilini. Ukihara na kutapika, mikono ikatetemeka kuliko kawaida, ukawa unayumba kama mlevi, usilale nayo nyumbani. Hospitali usiku huohuo.

Habari ya kufunga Ramadhani, kaongee na daktari mapema. Mimi sifungi, kwa kiu ile litiamu inaweza kuzidi mwilini. Mwaka wa kwanza nililia, sasa natoa fidia na kupika futari ya watu wote.

Na utakapojisikia mzima kabisa, utataka kuacha dawa. Niliacha mara mbili. Mara zote mbili nilirudi wodini.

Kesho nunua daftari. Ukurasa wa kwanza ukijaa upige picha unitumie, na mwandiko wako ule wa kuku nimeshauzoea.

Wako,
Zuhura