Termovalvu ya vakyumu: kabla hujanunua nyingine, angalia thamostati

Magari ya zamani ya kabureta bado ni mengi Kampala, na wenyewe huja na malalamiko ya aina mbili. Kuna linalosumbua likiwa baridi: linatetemeka, linazima kila ukiondoa mguu, kisha likipata moto linatulia. Na kuna lililo sawa asubuhi ila likipata moto linakuwa zito mlimani, linakunywa petroli kupita kiasi, au linanuka petroli likiegeshwa. Wengi hukimbilia kufungua kabureta. Mara nyingi kabureta haina kosa; cha kuchunguza ni termovalvu.

Termovalvu ni kifaa kidogo cha shaba chenye vijibomba vya plastiki, kimefungwa kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia injini) au karibu na thamostati (kizuizi cha maji ya rejeta mpaka injini ipate moto), ncha yake ikiwa ndani ya maji ya rejeta. Ndani mna kisahani cha metali mbili, au nta, kinachogeuka kwa joto na kufungua au kufunga njia ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Kutegemea gari, njia hiyo huenda kwenye valvu ya EGR (inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini), kwenye disitributa (inayogawa moto kwa plagi), au kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli. Ikikwama wazi, EGR huingiza moshi kwenye injini ambayo bado ni baridi, na hapo ndipo gari linazima. Ikikwama imefungwa, disitributa haiwahishi moto wa plagi na mvuke wa petroli haunyonywi.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linalopoteza pesa za watu. Mafundi wengi huku kwetu hung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Bila thamostati maji huzunguka muda wote, na barabarani injini huenda isifikie joto ambalo termovalvu inalisubiri. Utanunua nyingine, nayo itakaa imefungwa vilevile, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa mbovu. Rudisha thamostati kwanza. Angalia pia mipira yote ya vakyumu: iliyopasuka au kulegea huleta dalili hizo hizo.

Kosa lingine ni kupima vakyumu injini ikiwa haijakanyagwa mafuta. Kwenye magari mengi vakyumu hiyo hutoka juu kidogo ya kisahani cha kabureta kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwa hiyo bila kukanyaga hamna kitu. Panda hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika ndipo upime.

Kupima valvu yenyewe, fanya asubuhi kabla ya kuwasha. Chomoa mipira, chomeka kipande safi cha mpira kwenye kijibomba kimoja, upulize. Aina ya kawaida ya Toyota inayolinda kopo la mkaa haipitishi hewa chini ya nyuzi 35 hivi, na hupitisha ikivuka 54. Nyingine zimeundwa kinyume, hivyo fuata kitabu cha injini yako. Ukiona maji ndani ya mpira wa vakyumu, usiendelee kupima. Valvu imepasuka ndani.

Kubadilisha si kazi kubwa, ila inataka utulivu. Injini ipoe kabisa, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Toa lita 1 hadi 2 za maji, mpaka yashuke chini ya valvu. Weka alama kila mpira, kwani ukibadilishana miwili tu gari litaharibika zaidi ya mwanzo. Mpira uzungushe kwanza ndipo uuchomoe. Plastiki iliyokaa kwenye joto miaka mingi huvunjika kama biskuti. Shika sehemu ya shaba kwa boksi spana ndefu, kamwe usishike plastiki. Valvu mpya ipake gundi ya kuzuia kuvuja kwenye thredi mbili au tatu tu, isifike kwenye ncha. Anza kwa mkono, malizia kwa spana taratibu, maana manifoldi ya alumini ikiharibika thredi gharama yake hupita ya valvu mara nyingi. Jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji matupu: kutu na chokaa hufunika ncha ya valvu, ikachelewa kuhisi joto. Washa hita, toa hewa, kagua kama inavuja.

Ukinunua ya mtumba kwenye soko la vipuri la Kisekka, linganisha idadi ya vijibomba, rangi ya plastiki, thredi na namba iliyochapwa. Kisha itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uipulize maji yakipanda. Huna haja ya kuchemsha.

Kuziba mipira kwa bolti hatukushauri: gari litatembea, lakini utalipia kila ukijaza petroli.

Ukitaka tulipime sisi, liache gari gereji tangu jioni. Tunalihitaji asubuhi likiwa limepoa kabisa.