Mikahawa ya Kifaransa na Kijapani mjini Kisumu itutajie samaki wake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mtindo wa mapishi ambao umeingia mjini Kisumu na kupokelewa kwa shangwe, hasa na vijana walio na mishahara: ule wa kuchanganya upishi wa Kifaransa na wa Kijapani katika meza moja. Nimefundisha upishi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hivi majuzi mpwa wangu alinialika chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa aina hiyo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ninayotaka kusema yanaihusu kila jiko linalofuata mtindo huu katika miji ya kanda ya ziwa. Niliondoka pale nimefurahishwa na ufundi wa wapishi, lakini nikiwa na wasiwasi mkubwa kuhusu samaki.

Kwanza niwajibu wale wanaodai kwamba mchanganyiko huu ni mbwembwe za watu waliochoshwa na ugali. Ndoa ya majiko haya mawili ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Japani ulaji wa nyama ya ng'ombe na ya wanyama wengine kadhaa ulipigwa marufuku na Mfalme Tenmu mwaka 675, na ingawa marufuku hayo yalilegezwa na kukazwa nyakati mbalimbali, nyama ya ng'ombe haikupata heshima mezani hadi mwaka 1872, ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe anaila. Kasri lake likachukua upishi wa Kifaransa kwa karamu za kuwapokea wageni wa mataifa, na kijana Akiyama Tokuzo, aliyekwenda Ufaransa kujifunza kazi, alirudi mwaka 1913 na baadaye akawa mpishi mkuu wa kasri. Baadaye mkondo ukageuka. Shizuo Tsuji, mwanzilishi wa chuo maarufu cha upishi cha Osaka kilichofunguliwa mwaka 1960, aliwakaribisha mabingwa wa Ufaransa, akiwemo Paul Bocuse, nao wakajionea jinsi Wajapani wanavyoandaa mlo wa sahani nyingi ndogo, kila moja ikipangwa kwa jicho la mchoraji na kufuata msimu wa mwaka. Mpishi Mfaransa Joël Robuchon alipofungua mikahawa yake ya kaunta mjini Tokyo na Paris mwaka 2003, mteja aliketi akimtazama mpishi kazini kama anavyoketi katika duka la sushi, yaani wali uliotiwa siki unaoliwa mara nyingi na samaki mbichi. Mwaka 2020 Kei Kobayashi, mzaliwa wa Japani anayepika mjini Paris, akawa Mjapani wa kwanza kupewa nchini Ufaransa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mwongozo maarufu wa kupima mikahawa.

Kwa hivyo wanaolalamika kwamba sahani ni kubwa na chakula ni kidogo wajue kwamba mlo huo huja kwa awamu, na mtu akifika ya mwisho huwa ameshiba.

Jambo linaloyaunganisha majiko haya mawili, na ambalo ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba yote huanzia sokoni. Bocuse alisifika kwa kupika kile alichokikuta kikiwa bora katika soko la Lyon. Mpishi wa Kijapani anayejiheshimu atakwambia samaki wake alivuliwa katika maji gani, na mara nyingi kwa njia gani. Upishi wa namna hiyo ukihamia katika mji uliojengwa ukingoni mwa Ziwa Victoria, ungetarajia kuwa samaki ndio wangekuwa fahari yake ya kwanza.

Nieleze niliyoyaona. Tulianza kwa kuletewa vipande vyembamba vya samaki mbichi juu ya jiwe jeusi, vimenyunyiziwa maji ya ndimu na mafuta ya zeituni. Menyu ilisema ni samaki mweupe tu. Nilimuuliza kijana aliyetuhudumia ni samaki gani, naye akajibu kwa adabu, "Ni samaki mweupe, mama, wa leo leo." Nikamuuliza kama ni wa ziwani au wa baharini. Alikwenda jikoni, akarudi na jibu kwamba mpishi amesema ni samaki wa kuaminika. Mimi na mpwa wangu hatukuvigusa vile vipande. Meza ya jirani, iliyokuwa na vijana wanne wakisherehekea siku ya kuzaliwa, ilivimaliza vyote.

Kama samaki yule alikuwa sato au mbuta (sangara) wa ziwani, basi vijana wale waliwekwa hatarini. Sushi na sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi visivyo na wali, kwa kawaida hutengenezwa kwa samaki wa baharini, na hata hao wana masharti. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa muda usiopungua saa 24, ili minyoo ife. Mwongozo wa Marekani unataka siku 7 kwa baridi hiyo hiyo. Friji ya kawaida ya nyumbani au ya duka haitoshi kutegemewa kwa kazi hiyo, na katika mji ambao umeme hupotea bila taarifa, mwenye mkahawa anapaswa kuwa na jenereta na kipimajoto kinachosomwa kila siku. Ndimu haiui minyoo hiyo, ingawa huufanya mnofu uonekane umeiva. Katika nchi za Asia kama Thailand na Laos, minyoo ya ini inayotokana na samaki wa mito na maziwa wanaoliwa wabichi imewaletea watu wengi saratani ya mirija ya nyongo. Tena kugandisha huua minyoo tu; bakteria wanaotoka katika maji yanayopokea majitaka ya miji hulala tu, wakaamka samaki anapoyeyuka.

Kama alikuwa wa baharini, kwa mfano jodari au nguru kutoka pwani yetu, basi alisafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, na mteja ana haki ya kujua kwamba alisafiri katika barafu na ni lini alipofika. Na ikiwa aligandishwa nchi za nje akaletwa kwa ndege au kwa meli, si aibu kusema hivyo. Samaki aina ya salmon ambaye leo watu wengi humwona kama nembo ya sushi, Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla mbichi kwa sababu wa bahari yao ana minyoo. Ni Wanorwe waliofanya kampeni katika miaka ya 1980 na kuwashawishi Wajapani wamkubali salmon wao wa kufugwa. Walifaulu kwa kueleza samaki wao ametoka wapi na amelelewa vipi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, taarifa anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na ulinzi wa afya na usalama wake. Sioni jinsi maneno "samaki mweupe" yanavyoweza kutimiza haki hiyo. Isitoshe, sisi wa ziwani tunakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, kisha kwa sababu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Walioumia walikuwa wavuvi wote, wachuuzi wote na wafanyakazi wa viwanda vya minofu, pamoja na wale ambao hawakuwa na kosa lolote. Mteja mmoja akiugua kwa samaki mbichi katika mkahawa wa kifahari, habari itakayosambaa ni kwamba samaki wa Kisumu ni hatari, na atakayepoteza biashara ni mama anayekaanga sato kando ya barabara, ambaye mafuta yake yanayochemka hayajawahi kumdhuru mtu kwa minyoo.

Sahani iliyofuata ndiyo iliyonionyesha kwamba haya yote yanaweza kufanywa vizuri. Ilikuwa minofu ya mbuta, na safari hii kijana wetu aliitaja bila kusitasita, iliyochomwa upande wa ngozi hadi ikawa kavu na kuachwa laini ndani, kisha ikazungushiwa mchuzi wa siagi uliotiwa miso, ile soya iliyochachushwa ya Kijapani. Mchuzi huo si rahisi. Vitunguu vidogo huchemshwa kwa siki na mvinyo mweupe hadi maji yakaribie kukauka, halafu siagi baridi huingizwa kipande baada ya kipande huku mpishi akikoroga bila kupumzika, na moto haupaswi kuruhusu mchuzi utokote, kwa kuwa mafuta yatajitenga na kuelea juu. Miso huingia mwisho kabisa. Chumvi yake na ule utamu mzito unaobaki ulimini, ambao mwanakemia Kikunae Ikeda aliuchunguza mwaka 1908 katika supu ya mwani, vilimfaa mbuta kana kwamba vilibuniwa kwa ajili yake. Nilimwomba kijana ampelekee mpishi pongezi zangu.

Ndipo nilipojiuliza kwa nini mkahawa uishie hapo. Msingi wa jiko la Kijapani ni supu nyepesi inayoitwa dashi. Nyingine hutengenezwa kwa mwani na samaki aliyekaushwa na kukunwa, lakini ipo ile ya nyumbani inayotengenezwa kwa dagaa wadogo waliokaushwa. Mpishi huwatoa vichwa na matumbo ili supu isiwe chungu, huwaloweka katika maji baridi, huwapasha moto polepole, kisha huchuja. Msomaji yeyote wa kanda hii ameshatambua kwamba ninazungumzia jambo linaloweza kufanywa kwa omena. Katika soko la Kibuye omena mkavu yupo kwa wingi, na mchuuzi mwenye uzoefu atakuchagulia aliyekaushwa juu ya nyavu badala ya aliyeanikwa mchangani, kwa sababu mchanga hautoki hata ukimwosha kwa maji ya moto mara ngapi. Nimejaribu supu hiyo jikoni kwangu. Inahitaji kutolewa motoni mapema kuliko mazoea yetu yanavyotuambia, na ikishachujwa huwa na rangi ya majani hafifu ya chai na ladha inayoweza kubeba mchuzi wowote wa Kifaransa. Obambla, yule samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, naye ana ladha nzito ambayo mpishi mwenye kipaji angeweza kuifanyia kazi. Mboga zetu chungu kama osuga (mnavu) na dek (mgagani), ambazo mama zetu huzilaza katika maziwa usiku kucha ili uchungu upungue, tayari zimekwisha kukutana na krimu bila kumsubiri Mfaransa.

Kwa wenye mikahawa hii ombi langu ni kwamba kila samaki aandikwe kwenye menyu kwa jina lake, mahali alikotoka, na kama aligandishwa. Na wahudumu wafundishwe kujibu swali hilo bila kukimbilia jikoni. Mnunueni samaki wenu Dunga na fuo nyingine zetu, mwaandike hivyo, na mtashangaa jinsi wateja watakavyojivunia kumla. Kwa maafisa wa afya ya umma wa kaunti, naomba ukaguzi wa mikahawa inayouza samaki mbichi usiishie kwenye usafi wa sakafu na vyeti vya afya vya wapishi, bali ufike kwenye friji, usome kipimajoto na kuomba risiti za ununuzi. Vyuo vya upishi vya hapa kwetu navyo viwafundishe wanafunzi mbinu za kugandisha pamoja na mbinu za kupamba sahani, maana vijana wengi wanaohitimu wanajua kuchora mstari wa mchuzi kwa kijiko kabla ya kujua ni kwa nini samaki mbichi wa ziwani hapaswi kuwekwa mezani.

Mkahawa nilioutembelea una wapishi wanaoiweza kazi hii. Mpwa wangu anapanga kurudi huko mwisho wa mwezi na wenzake wa kazini, nami nimemwambia aulize tena samaki yule ni nani, na asipopewa jina, aagize mbuta.

Mwalimu mstaafu wa upishi,
Milimani, Kisumu