Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: Waandike Nilipiga Gitaa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo yetu,
Nairobi.

KUH: MANENO MAWILI KATIKA BARUA YANGU YA KUACHISHWA KAZI

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Jina lako silitaji, wala la shule, kwa kuwa sina pesa za wakili. Wewe unajijua, na wao wanajijua. Mimi utanikumbuka, au pengine hutanikumbuka: ni yule mwalimu wa koti la kijivu aliyekaa kwenye benchi la koridoni kwako mara tatu.

Muhula wa kwanza ulituita walimu wa serikali na wa shule za binafsi, ukatuambia mlango wako uko wazi. Ukaongeza kwamba hakuna mwalimu wa eneo lako atakayeadhibiwa kwa fununu kabla ofisi yako haijamsikiliza. Tulipiga makofi. Na kweli, Mheshimiwa, mlango uko wazi. Nimeukuta wazi mara zote tatu. Kiti ndicho kilikuwa kitupu. Katibu wako, ambaye sina ubaya naye, aliandika jina langu kwenye kitabu kikubwa cheusi akaniambia mkubwa ameenda fildi. Nilipokwenda mara ya tatu nililiona jina langu la mara ya pili palepale kwenye ukurasa, bila alama, bila sahihi, bila hata doa la chai la kuonyesha kwamba mtu alikifungua kitabu hicho.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Alhamisi iliyopita mwalimu wa chekechea tuliyekuwa naye shule hiyohiyo alinipigia simu akilia. Mkataba wake haurefushwi. Kisa ni picha ya likizo ya Desemba, yuko Diani na mumewe wa ndoa, amevaa vazi la kuogelea, baharini. Sijui walitaka aogelee na kanzu? Picha aliiweka yeye mwenyewe kwenye simu yake kwa siku moja, mtu akaihifadhi miezi yote hiyo, halafu ikatolewa siku alipouliza habari ya nyongeza ya mshahara. Nilipokata simu nikajua nikinyamaza tena nitakuwa nimeshiriki.

Yangu ni hii. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, nimesajiliwa TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, maana sheria haimruhusu mtu kufundisha bila usajili, hata kwenye shule ya binafsi. Jumamosi usiku napiga gitaa la besi. Nimelipiga tangu kabla sijaingia chuo cha ualimu. Tuko wanne, tunapiga benga na rumba kwenye klabu moja ya upande wa Eastlands, tunaanza saa tatu, saa sita mimi nimeshafunga nyaya zangu nimeingia kwenye matatu. Pombe sinywi, tumbo langu liliikataa zamani. Lakini hilo si la kunitetea, kwa sababu hata ningekuwa nakunywa, Jumamosi usiku ni yangu.

Video iliyonifukuzisha kazi ina sekunde 38. Nimeitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote, kwa hiyo naijua. Ninaonekana nimevaa kofia, jasho linatiririka, macho nimefumba kwa sababu pale ndipo besi inapopanda. Mama mmoja anakuja mbele akicheza, ananituza noti ya mia mbili, anaibandika kwenye kipaji changu cha uso. Nami natabasamu bila kuacha kupiga. Juu ya spika kuna chupa ya bia ya mtu mwingine. Basi. Jumapili saa nne asubuhi video ikawa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa Gredi ya 7, na swali chini yake: "Huyu si ndiye mwalimu wa Hisabati wa watoto wetu?"

Naam, ndiye. Na mimi nikauliza, aliyeipiga ile video alikuwa wapi? Kwenye mkesha wa maombi?

Jumatatu nikapewa barua ya kujieleza. Ijumaa nikaitwa kikaoni: mwenye shule, mwalimu mkuu na mwakilishi wa wazazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi aelezwe kosa lake akiwa na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, na asikilizwe kabla uamuzi haujatolewa. Hilo nililisoma baadaye kwenye duka la intaneti hapa Kayole, shilingi moja kwa dakika. Siku ile nilikuwa peke yangu. Wakaicheza video kwenye kompyuta, na sauti wakaizima. Hebu fikiria, Mheshimiwa. Wamemhukumu mpiga besi bila sauti. Nilipotoka mle nikapita majilisi kuchukua vitabu vyangu, nikaangalia ratiba ukutani. Herufi za jina langu zilikuwa zimeshapakwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa. Nikaigusa. Ilikuwa imekauka. Kwa hiyo waliipaka kabla ya kikao.

Mwenye shule aliniambia mwalimu ni kioo cha jamii. Nakubali. Kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake, na mbele yangu usiku ule walisimama wazazi wakicheza.

Nyuma ya kichwa chake, juu ya kabati, lilikuwapo kombe. Mwaka jana shule ilinibakiza hadi magharibi wiki tatu nzima nifundishe kikundi cha watoto kwa ajili ya Tamasha la Muziki, hili ambalo limekuwapo tangu 1927. Hakuna aliyeniuliza nilijifunzia wapi muziki. Hakuna aliyesema vidole vyangu vinanuka bia. Na mwaka huu watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari pevu, ambapo mkondo mmoja kati ya mitatu ni Sanaa na Michezo. Nyinyi wenyewe mnazunguka mkiwaambia wazazi muziki ni kazi kama kazi nyingine. Ni kazi kwa mtoto, ila kwa mwalimu wake ni aibu?

Kwa nini walifanya hivi? Nitasema ninavyodhani, ushahidi sina. Shule za binafsi mtaani kwetu zinagombania watoto kama makondakta wa matatu wanavyogombania abiria. Mzazi mmoja akitisha kuhamisha watoto wawili, karo ya mwaka inayumba, na mwalimu ni rahisi kumpata, vyeti viko mezani kwa mafungu. Pia niseme ukweli kwamba mtoto wa mzazi aliyeuliza swali lile kikundini alikuwa amepata alama mbaya kwangu mwezi huohuo. Labda hayahusiani. Labda.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 24,000 kabla ya makato, nawe unayajua makato: asilimia 2.75 ya SHA, ile bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba ambazo sijaona tofali lake, na NSSF ya uzeeni. Kodi ninapokaa ni 9,500. Gitaa lilikuwa likinipa 2,500 kila Jumamosi. Piga hesabu, mimi ni mwalimu wa hesabu: ni gitaa lililokuwa likinilipia kodi, ili niamke Jumatatu niende kufundisha watoto wao. Sasa binti yangu yuko Kidato cha Tatu, katika lile kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, yuko bweni, na muhula huu ameshatumwa nyumbani kufuata karo mara mbili. Mara ya pili alinikuta napangusa gitaa. Hakusema kitu. Alivua viatu vya shule akaviweka chini ya kitanda kama mtu ambaye hajui atavivaa lini.

Usinielewe vibaya. Sisemi mwalimu afanye atakalo kwa kuwa kengele imelia. Anayemwandikia mwanafunzi ujumbe usiku, anayewacheka watoto wa watu mtandaoni, anayetukana kabila la wanafunzi wake, huyo hana "mambo yangu binafsi". TSC ilitoa Waraka namba 3 wa 2010 kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na anayewagusa watoto akifutwa kwenye rejista mimi ni wa kwanza kushukuru. Nina binti. Lakini mtoto gani aliumia mimi nilipopiga besi? Katiba, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina. Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliutoza ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Yaani mteja wa klabu ana haki ya sura yake kuliko mpiga gitaa wa klabu hiyo.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Barua yangu ya kuachishwa inasema niliondolewa kwa "tabia isiyofaa". Wewe umekaa kwenye elimu miaka mingi, unajua maneno hayo yanavyosomwa. Nimeomba kazi shule tano. Zote zimeniita, Hisabati ina upungufu. Zote zikiiona barua, uso wa mwalimu mkuu unabadilika. Mmoja, mama wa makamo, alinirudishia faili akaisukuma kwa kalamu, hakutaka kuishika kwa mkono. Hakuniuliza. Nilijua anachofikiria, na nikiwa kwenye kiti chake ningefikiria hivyohivyo. Nilipoanza kueleza habari ya gitaa niliona namna inavyosikika: kila aliyemgusa mtoto huwa na hadithi yake.

Nilipokuja kwako mara ya kwanza nilitaka kazi yangu. Mara ya pili nilitaka mshahara wa mwezi wa notisi. Mara ya tatu nilitaka ukaguzi, utaratibu, waraka wa kuzuia shule kupekua simu za walimu. Bado navitaka, na mwalimu mwenzangu wa chekechea anavitaka zaidi. Lakini nimechoka kukaa kwenye benchi, na kwa leo nitaomba kimoja.

Waite waiandike upya ile barua. Hata wakitaka nisirudi, sawa. Hata wakisema niliwaaibisha, sawa. Lakini pale walipoandika "tabia isiyofaa" waandike nilichofanya: alipiga gitaa la besi Jumamosi usiku. Waweke na tarehe. Waweke muhuri. Nitakuja kuichukua mwenyewe, hata kwa katibu wako, hata kama umeenda fildi.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati,
Kayole.