Mama, kidole kimesogea milimita 12

Shikamoo mama, na baba mpe shikamoo yake, mbukwenyi wote hapo Chamwino. Kaka kaniambia ulilia aliposema nimepasuliwa mguu. Nisamehe mama, nilikuficha kwa sababu nilijua hutalala na huku huwezi hata kuniletea uji. Sa hivi nina mwezi mmoja tangu operesheni na naendelea vizuri, ndo maana naandika yote, na kaka naye asome kwa ajili ya mwanae.

Ni kile kidole changu cha nne, mguu wa kulia. Kumbe kidole chenyewe hakina shida, mfupi ni ule mfupa wa nyuma yake uliojificha ndani ya mguu. Daktari wa huku Leipzig, Ujerumani, alinionyesha kwenye eksirei, mingine minne imejipanga halafu wa nne umeishia njiani. Anasema mfupa wa mtoto una sehemu yake ya kukulia, sasa wangu ilifunga mapema, wenzake wakaendelea kurefuka wenyewe ukabaki pale pale, ndo maana nilipozaliwa hamkuona kitu mpaka nilipofika darasa la pili la tatu hivi kidole kikaanza kupanda juu ya wenzake. Wanawake ndo wanaopata zaidi na mara nyingi ni huo huo wa nne. Mama hapa naomba usome mara mbili: hukukanyaga kitu chochote ukiwa na mimba yangu. Yale maneno ya watu umeyabeba miaka 27, yatue.

Na sijafanya kwa ajili ya urembo, ingawa sitakudanganya, unajua nilivyokuwa nikivua viatu mlangoni kwa watu nakimbilia mkekani nakalia mguu usionekane. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, nasimama zamu nzima, na mfupa mfupi haubebi uzito wake, mzigo unahamia kwa majirani zake, chini ya unyayo pakaota sugu gumu kama kokwa ya ubuyu, jioni narudi nyumbani natembelea kisigino. Nilijaribu viatu vipana na soli laini karibu mwaka mzima kwanza. Bima imelipa kwa sababu ya hayo maumivu.

Walichofanya ni hivi. Wameukata ule mfupa katikati, wakaweka kifaa kidogo cha chuma juu ya mguu, urefu wake kama kiberiti, kimeshikwa na pini nne zinazoingia mpaka kwenye mfupa, mbili huku mbili kule. Wiki ya kwanza hakiguswi. Baada ya hapo nazungusha skrubu mwenyewe kwa ufunguo mdogo, robo milimita asubuhi, robo milimita jioni, yaani nusu milimita kwa siku. Mwili unajaza mfupa mpya kwenye ule mwanya. Ukivuta haraka mfupa haujai, ukivuta polepole sana unaganda kabla hujafika. Natakiwa milimita 15, leo ni siku ya 24 tangu nianze kuzungusha, kwa hiyo nina 12, bado siku sita tu. Eksirei ya kwanza pale katikati palikuwa peusi tupu, ya juzi pameanza kuwa na ukungu mweupe, na ukungu huo ndo mfupa wangu mama, nililia pale pale kwenye kiti.

Mwambie baba njia hii ilitoka kwa daktari wa Urusi, Gavriil Ilizarov, alianza miaka ya 1950 kule Kurgan, Siberia. Baba anapenda riadha, atamkumbuka Valery Brumel, yule mruka juu aliyechukua dhahabu Tokyo 1964, mwaka uliofuata pikipiki ikamvunja mguu vibaya, alikuja kutibiwa na huyo huyo Ilizarov na akaruka tena.

Maumivu yapo. Usiku kidole kinavuta kama kuna mtu kakifunga kamba, na pini moja ilivimba ikatoa usaha nikapewa dawa, sasa hivi kila siku nasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Na kifaa hakitoki nikimaliza kuvuta, kinakaa mpaka mfupa ukomae, kama miezi mitatu hivi jumla, na hapo katikati kiungo cha kidole kinaweza kukakamaa, kwa hiyo kuna mazoezi.

Sasa kaka, ulinipigia unauliza bei ili mtoto afanyiwe haraka kabla hajaanza kuchekwa. Nakuelewa, kafanana na shangazi yake mpaka kidole, lakini ana miaka 9, mguu bado unakua, madaktari wengi wanasubiri ukue uishe kwanza. Na kama hamuumi huenda asihitaji kabisa. Kitu cha kufanya sasa mpeleke hospitali Dodoma mjini wampige eksirei, na kabla ya hapo mwambie akunje ngumi. Kama fundo la kidole cha nne linazama badala ya kuchomoza, mwambie daktari, maana mifupa mifupi ya mkono na mguu pamoja saa nyingine inatokana na homoni za kalsiamu au ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao, inabidi vipimo vya damu. Na mtu akikwambia kikatwe usikubali. Mimi niliambiwa hivo na daktari mmoja nikiwa na miaka 12, mama hukujibu kitu, ulinishika mkono tukatoka, tukapanda daladala kimya. Kidole kikiondoka ule mfupa mfupi unabaki vile vile. Ahsante mama kwa siku ile.

Viatu vya mtoto nanunua mimi huku, vya mbele pana. Si unakumbuka ulikuwa unapima mguu wangu kwa kamba ya katani unaenda nayo Majengo sokoni? Kamba inapima urefu tu mama. Huyu mkanyagishe kwenye karatasi akiwa amesimama, miguu yote miwili, zungushia kalamu hasa pale penye vidole, weka rula pembeni, kaka apige picha anitumie kabla ya Jumamosi.